Kuchagua Mbao za Sakafu kwa Nyumba ya Visiwani

Mtu anayetaka sakafu ya mbao Unguja au Pemba kwa kawaida huanza na rangi. Huingia karakana ya seremala, akatazama vipande vilivyopigwa vanishi, akachagua chekundu au cha kahawia kwa namna kinavyooana na viti vyake, kisha ndipo akauliza bei. Mimi ningemwomba aupindue mpango huo wote. Rangi na ije mwisho, bei na itangulie rangi, na swali la kwanza kabisa liwe hili: mbao hizi zina maji kiasi gani ndani yake, na hewa ya nyumba zitakamokaa ina maji kiasi gani? Sakafu nyingi zilizoharibika nilizopata kuziona visiwani hazikuharibika kwa ubaya wa mti. Mti ulikuwa mzuri, ila uliwekwa ukiwa na unyevu usiolingana na hewa yetu.

Nami nilijifunza hayo kwa hasara. Nilinunua mbao za msaji zilizoagizwa kutoka nje, zimefungwa kwa nailoni, kila ubao umenyooka kama rula. Zilikuwa zimekaushwa kwa tanuri hadi unyevu wa asilimia 8, na muuzaji aliitaja namba hiyo kuwa ni sifa yao kubwa. Tuliziweka ukumbini mwezi wa Februari, tukazibana ukuta hadi ukuta ili usionekane mwanya hata mmoja. Masika yalipoingia zikaanza kusukumana, na ilipofika Mei katikati ya ukumbi pameinuka mgongo ambao mtoto angeweza kupitisha mkono chini yake. Fundi alilaumiwa, na mimi nikiwa miongoni mwa waliomlaumu. Lakini kosa lilianza siku ya kununua.

Mti uliokatwa hauachi kuvuta na kutoa maji. Ubao ukiachwa katika hewa ya mahali fulani kwa muda wa kutosha, unyevu wake hutulia katika kiwango kinacholingana na hewa hiyo. Katika nchi za baridi, ambako nyumba hupashwa moto miezi mingi na hewa ya ndani huwa kavu, asilimia 8 ni kiwango sahihi. Kwetu sisi, ambako unyevu wa hewa mara nyingi huwa kati ya asilimia 75 na 85 na joto huzunguka nyuzi 27 au 28, ubao hutulia kwenye asilimia 14 hadi 16, na katikati ya masika hupanda zaidi kidogo. Kwa hiyo ubao wa asilimia 8 unapofika Zanzibar ni ubao wenye kiu, na utakunywa mpaka utosheke.

Unapokunywa hupanuka, na hupanuka kwa upana. Urefu wake hauongezeki kwa kiasi cha kujali. Kwa msaji uliopasuliwa bapa, kila asilimia moja ya unyevu inayoongezeka huongeza takriban asilimia 0.19 ya upana. Tufanye hesabu ya ukumbi wangu uliokuwa na upana wa mita 4: unyevu umepanda kutoka 8 hadi 15, yaani hatua 7, na 7 mara 0.19 ni kama asilimia 1.3. Asilimia 1.3 ya mita 4 ni zaidi ya sentimita 5. Hakuna msumari wala gundi inayozuia mbao zinazotaka sentimita 5 za nafasi, na msaji ni miongoni mwa miti inayocheza kidogo; miti mingine ingehitaji zaidi.

Kupima unyevu kabla ya kulipa

Kipima unyevu cha sindano mbili ni chombo kidogo ambacho baadhi ya mafundi wanacho, na ni vyema kumtafuta fundi mwenye nacho. Asipopatikana, mzani wa jikoni na oveni vinatosha, na jibu lake ni la kuaminika zaidi. Omba kipande kilichokatwa katikati ya ubao, kwa sababu ncha hukauka mapema na kudanganya. Kipime uzito mara tu kinapokatwa. Kisha kiweke katika oveni yenye joto la nyuzi 103 hivi, ukitoe kila baada ya saa chache na kukipima, mpaka uzito usipungue tena. Toa uzito wa mwisho katika uzito wa kwanza, gawa kwa uzito wa mwisho, uzidishe kwa 100. Kipande kilichokuwa gramu 230 kikaishia gramu 200 kilikuwa na unyevu wa asilimia 15, na kwa nyumba ya kawaida ya visiwani isiyo na kiyoyozi hicho ndicho unachokitafuta. Kikitoka 22 au 25, mbao ni mbichi, na zitaacha mianya zitakapokauka. Kikitoka 8 au 9, zinafaa, ila si leo: zinahitaji kuzoeshwa.

Kuzoesha ni kuzipanga mbao ndani ya chumba kilekile zitakachowekwa, madirisha yakifunguliwa na kufungwa kama kawaida ya nyumba, kila safu ikitenganishwa na nyingine kwa vijiti vya unene wa kidole ili hewa ipite pande zote. Kuziacha ndani ya nailoni zao, au kuzirundika barazani kwenye rasharasha ya mvua, si kuzoesha. Muda wake nisiutaje kwa siku, kwani hutegemea unene na jinsi mti ulivyo. Chora alama mbili za kalamu ya risasi kwenye mbao tatu au nne, upime upana kati ya alama kila wiki na kuandika. Upana ukikaa wiki tatu bila kubadilika, mbao zimetulia.

Chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana kina hewa nyingine. Hapo ubao hushuka hadi karibu asilimia 10, na mbao za asilimia 15 zitafungua mianya. Chumba cha kulala ambacho kiyoyozi huwashwa usiku tu, madirisha yakafunguliwa mchana, nisingekihesabu kuwa chumba kikavu, kwa sababu mti hufuata hewa polepole na hauwahi kukamilisha safari ya upande wowote.

Nyumba yenyewe

Si kila chumba kinafaa. Choo na jiko viachiwe vigae. Na kwa vyumba vya chini vya nyumba za mawe, ushauri wangu ni kwamba visiwekwe mbao kabisa. Kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa hupandisha maji kutoka ardhini pamoja na chumvi yake, na zilijengwa ziweze kupumua. Anayemwaga saruji juu ya sakafu ya zamani kisha akaifunika kwa mbao huyafungia maji yale njia, nayo huhamia ukutani na kwenye mbao zenyewe. Nimeona watu wakitumia fedha nyingi kurudia sakafu ya namna hiyo mara mbili.

Nyumba mpya ya matofali yenye zege chini ni jambo jingine, mradi zege limekauka. Mafundi wengi hutumia kanuni ya mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, na kwa hewa yetu ni busara kuongeza. Usitegemee macho tu. Chukua nailoni ngumu ya mita moja kwa mita moja, itandaze juu ya zege, ubandike kingo zote kwa gundi ya utepe, uiache siku mbili au tatu. Ukiifunua ukakuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi kuliko pembeni, bado. Muulize pia aliyejenga kama ardhi ilitiwa dawa ya mchwa kabla ya zege kumwagwa na kama nailoni ilitandazwa chini yake. Majibu mawili ya hapana yatoshe kukurudisha kwenye vigae.

Ghorofani ndipo mbao zinapopendeza na kudumu. Katika nyumba za Mji Mkongwe, sakafu ya juu hubebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibukaribu, na ndiyo sababu vyumba vingi vya zamani ni vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ambao ni kama mita 2.5 hadi 3. Juu ya boriti kuna mawe na chokaa, na huo tayari ni mzigo mkubwa. Mbao za msaji za unene wa milimita 20 huongeza takriban kilo 13 kwa kila mita ya mraba, ilhali vigae pamoja na saruji ya sentimita 4 chini yake hufika kilo 100 hivi. Kwa anayekarabati nyumba ya aina hiyo tofauti hii si ndogo, kwani boriti zilizokwishaliwa na mchwa kwenye ncha zilizozama ukutani hazionyeshi udhaifu wao mpaka zizidiwe. Zikaguliwe ncha hizo kwanza, kwa kugongwa na kuchomwa kwa bisibisi. Na kwa kuwa eneo hilo ni la Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, matengenezo yanayogusa jengo yanahitaji idhini ya mamlaka inayosimamia Mji Mkongwe; idhini hiyo itafutwe kabla ya kununua hata ubao mmoja.

Mti upi

Msaji ndio ninaoupendekeza kwa mtu mwenye uwezo na asiyetaka kubahatisha. Kiini chake kina mafuta yanayouchukiza mchwa na kuukinga na ukungu, na hupanuka na kusinyaa kidogo. Si lazima utoke Asia. Tanzania Bara ina mashamba ya msaji, kama vile Longuza wilayani Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro na bonde la Kilombero, na mbao za huko huvuka bahari fupi tu, bila kupitia tanuri la nchi za mbali. Kasoro ya msaji wa shamba uliokatwa ungali mchanga ni wingi wa weupe, yaani ile sehemu ya nje ya gogo. Weupe hauna mafuta yale, na mchwa hautofautishi na mti mwingine wowote laini. Mafuta hayohayo ya kiini huzuia gundi na vanishi kushika, kwa hiyo ubao ufutwe kwa kitambaa chenye thina muda mfupi kabla ya kupakwa.

Mninga ndio ninaouonea huruma, kwa sababu hupewa jina la mti wa makabati na vitanda tu. Ukweli ni kwamba katika miti yetu ni vigumu kupata unaotulia kama huo: ukishakauka hauchezi sana, na kwa visiwa vyenye masika na vuli sifa hiyo ina thamani kuliko ugumu. Huja kutoka misitu ya miombo ya Bara, Tabora ikiwa miongoni mwa sehemu zake maarufu. Weupe wake ni mpana na wadudu wadogo watoboao mbao huupenda mno. Ukiona vitundu kama vya sindano na unga mwepesi, ukatae ubao huo na uliolala karibu yake.

Mvule ni mgumu, hustahimili mchwa, na rangi yake ya manjano hugeuka kahawia nzuri kwa mwanga. Wakati mwingine huficha ndani yake madonge magumu kama mawe, ambayo ni madini ya chokaa yaliyojikusanya mti ulipojeruhiwa, nayo huvunja meno ya randa. Fundi asiyelijua hilo atadhani ameuziwa mbao zenye misumari. Vumbi lake huwasha pua na ngozi, kwa hiyo usipigwe msasa ndani ya nyumba yenye watoto au mtu mwenye pumu. Mivule ya msitu wa Ngezi, Pemba, imo katika hifadhi na si ya kuuliziwa bei.

Mbambakofi, ambao Bara wengi huuita mkongo, ni mzito na imara kuliko hiyo mitatu, na ungekuwa chaguo la ngazi na korido zinazopitwa na watu wengi. Lakini una unga wa manjano ndani ya vinyweleo vyake, ambao ukipata maji hutoa rangi. Katika nyumba ambamo watu hutoka kutawadha miguu ikiwa na maji, na ambamo kanzu nyeupe na misala hugusa sakafu kila siku, ubao usiofungwa vizuri kwa vanishi utaacha madoa yasiyotoka. Kwa chumba cha kusalia nisingeuchagua.

Mfenesi ni mti wa hapahapa, na anayetilia shaka uimara wake atazame milango ya zamani, kwani baadhi yake imechongwa kwa mti huu. Kiini chake ni cha manjano kikiwa kipya, kisha hukolea mwaka hadi mwaka. Tatizo ni urefu: gogo refu lililonyooka ni adimu, kwa hiyo utapata mbao fupi, na sakafu itabidi ipangwe kwa vipande vya futi tatu au nne. Kwa chumba kidogo hilo ni pambo, wala si upungufu.

Mkangazi ni laini kiasi; chumba cha kulala sawa, ukumbi hapana. Mwembe huliwa na wadudu upesi. Mkaratusi hupinda na kupasuka. Mkarafuu haukatwi bila ruhusa, na mpingo ni mti wa wachongaji na watengenezaji wa zumari na klarineti, tena ni haba mno kukanyagwa. Mnazi si mti wa mbao kwa maana ya kitaalamu, lakini sehemu ya nje ya shina, karibu na chini, ya mnazi uliozeeka ni ngumu na hutoa sakafu yenye madoadoa mazuri, ikiwa imetiwa dawa na seremala yuko tayari kunoa vyuma vyake mara kwa mara.

Yuko pia atakayeuziwa lamineti, ambayo juu ni picha ya mbao na ndani ni unga wa mti ulioshindiliwa. Maji yakiingia kwenye maungio yake huvimba na haitengenezeki. Sakafu za tabaka, zenye ngozi ya mti halisi juu ya plaiwudi, hucheza kidogo kuliko ubao mzima na zinafaa chumba chenye kiyoyozi. Ulizia unene wa ngozi hiyo, kwa sababu ya milimita 1 haiwezi kupigwa msasa upya, na ya milimita 4 inaweza.

Kuna chanzo kingine ambacho watu hukipita: mbao za zamani kutoka nyumba zinazobomolewa. Simaanishi milango ya nakshi, ambayo ni urithi na haipaswi kung'olewa. Nasema mbao za dari, rafu na sakafu ambazo zimekaa katika hewa hii kwa miongo mingi. Zimekwisha kucheza michezo yao yote. Zitolewe misumari kwa uangalifu na zipigwe randa kidogo.

Kuukagua ubao mmoja mmoja

Usikubali kuchaguliwa. Nenda na seremala wako, na kila ubao uangaliwe kichwani kwanza. Mistari ya mduara wa mti ikiwa imesimama wima kwenye unene wa ubao, huo utacheza karibu nusu ya ule ambao mistari yake imelala, na hautajikunja kama bakuli. Mbao za namna hiyo ni chache na bei yake ni ya juu. Ukipata za kutosha ukumbi tu, ziweke ukumbini. Weupe ukizidi ukingo mwembamba upande wa chini, ukatae. Uinue ubao hadi usawa wa jicho uone kama umejipinda. Kuhusu upana, wengi hupenda mbao za inchi 6 au 8 kwa sababu zinaonekana za kifahari, lakini kwa hewa yetu inchi 3 au 4 ni bora, kwani mwendo uleule hugawanyika kwenye maungio mengi na hakuna mwanya mmoja unaoonekana. Unene usipungue milimita 20 baada ya randa, ubao uwe na ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Nunua asilimia 10 zaidi ya eneo lako.

Omba stakabadhi na vibali vya mazao ya misitu vinavyoonyesha mbao zimetoka wapi. Mninga, mbambakofi na mkangazi, kwa miti ya Afrika, iliingizwa mwaka 2022 katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, jambo linalokuonyesha jinsi inavyopungua.

Kuziweka na kuzitunza

Masika yenyewe si wakati wa kuweka sakafu, wala mwezi uleule wa kupiga plasta. Miezi ya kusi, kuanzia Juni hadi Agosti, nyumba ikiwa imekwisha kutoa maji ya mvua, ndiyo ninayoipenda. Acha nafasi ya milimita 12 hadi 15 kila ukuta, ifunikwe na skatingi iliyopigiliwa ukutani, isipigiliwe kwenye sakafu. Kwa chumba cha upana wa mita 3 kilichowekwa mbao za msaji zenye unyevu sahihi, mabadiliko ya asilimia 2 kati ya misimu ni milimita 11 hivi, na nafasi hiyo hutosha. Skrubu na misumari iwe ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa ya bahari hula chuma cha kawaida, na kutu ikikutana na msaji au mvule huacha doa jeusi lisilofutika. Papi za chini, hata zikiwa za msindano, ziwe zimetiwa dawa.

Lililobaki ni deki. Mazoea yetu ya kumwaga ndoo ya maji na kuyasukuma nje kwa fagio yanafaa saruji na vigae. Sakafu ya mbao hufagiwa kwa ufagio laini, kisha hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa hadi kisidondoke. Mchanga wa pwani hukwaruza vanishi kama msasa, hivyo desturi ya kuvua viatu mlangoni isaidiwe na mkeka wa ukili ndani ya kizingiti. Anayesaidia kazi za nyumbani aelezwe hayo kwa upole siku ya kwanza, na aonyeshwe kwa vitendo.

Mbao zitakazobaki usimpe fundi wala usizipeleke stoo. Zifunge kwa kamba, uzilaze chini ya kitanda katika chumba kilekile, ili ubao mmoja ukiharibika baada ya miaka mitano, utakaochukua nafasi yake uwe umeishi katika hewa ileile na wenzake.